Sadaka ya Jinzi Kuukuu

 

Wiki hii tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni suruali kuukuu za jinzi. Tumelazimika kulileta katika ukurasa huu wa familia kwa sababu limetufika msikitini kwetu, hapa Njombe, na limetufundisha somo ambalo chuoni tulilisoma katika vitabu lakini hatukuwa tumeliona kwa macho.

Ndugu zetu wa Pwani hawaijui baridi ya huku. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka asubuhi hadi mtu asimwone jirani yake, na sakafu ya saruji huwa kama barafu. Watoto wa madrasa hukaa juu ya sakafu hiyo wakiwa na juzuu mapajani, na mara nyingi mwalimu husikia kikohozi kabla hajasikia sauti ya kisomo. Kwa hiyo, kabla ya baridi ya mwaka huu, kamati yetu ilitangaza baada ya swala ya Ijumaa kwamba kila mwenye nguo asizozihitaji azilete, ili wapewe wajane, mayatima na wengine wenye shida.

Waumini waliitikia kwa wingi, na wiki mbili hazijapita ofisi ndogo ya msikiti ikawa haina pa kukanyaga. Sisi tuliokabidhiwa daftari la ukatibu tuliandika idadi ya mifuko, tukamshukuru Allah, tukaanza kugawa. Tuligawa kwa haraka, kwa sababu tulitaka kumaliza. Hapo ndipo tulipokosea.

Siku chache baadaye alikuja mama mmoja mjane, mtu mzima, anayelea wajukuu. Alikuwa amefunga kitu ndani ya khanga.

"Shikamoo mama," tulimwamkia.

"Marahaba, ustadhi. Nimerudisha suruali mliyompa mjukuu wangu. Msije mkadhani nimeikataa riziki. Zipu yake haifungi, na huku nyuma imechanika. Mtoto akirukuu wenzake wanamcheka. Nikasema labda aliyeitoa alikosea mfuko."

Alisema hivyo kwa upole, akaiweka suruali juu ya meza ikiwa imefuliwa na kukunjwa vizuri, akaaga na kuondoka. Nasi tulibaki na maneno yale: labda aliyeitoa alikosea mfuko. Tulijua kwamba hakukosea. Tulifungua mifuko iliyosalia tukaikagua moja baada ya moja, tukakuta mashati yasiyo na kola, sweta zilizoliwa na nondo, na jinzi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Nyingine zilipasuka magotini, nyingine zililika mapajani, nyingine hazikuwa na kifungo wala zipu. Na ili tuseme ukweli wote, mojawapo ya suruali zile ilitoka nyumbani kwetu sisi tunaoandika safu hii. Tuliitambua kwa doa la rangi ya mlango.

Vichala vya tende

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 267, Allah anawaamrisha waumini watoe katika vile vizuri walivyovichuma, na anawakataza kukusudia kutoa kile kibaya ambacho wao wenyewe, lau wangepewa, wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Imamu Tirmidhi amepokea kutoka kwa Al-Baraa bin Azib (r.a.) sababu ya kuteremka aya hiyo. Ansari wa Madina walikuwa na mitende, na kila mmoja alileta kichala cha tende kwa kadiri ya uwezo wake, kikatundikwa msikitini ili mafukara waliokuwa wakiishi hapo wapate kula. Baadhi ya watu walileta vichala vya tende mbovu, vilivyokauka na kukatika, wakavitundika pamoja na vile vizuri. Ndipo aya ikateremka.

Tazameni, ndugu zetu, jinsi jambo lile linavyofanana na letu. Ulikuwa msikiti, walikuwa mafukara, na palikuwa na watu waliodhani kwamba kuleta tu kunatosha. Sisi tumetundika jinzi mahali pa tende.

Hatusemi kwamba nguo iliyokwisha kuvaliwa haifai kutolewa. Sadaka ya nguo kuukuu ni jambo jema, na waja wema wamekuwa wakiifanya zama zote. Tunachosema ni kwamba kipimo kimo ndani ya aya yenyewe: je, ningepewa mimi, ningeipokea bila kufumba macho? Kama jibu ni ndiyo, fua, kunja, lete. Kama jibu ni hapana, nguo hiyo bado haijawa sadaka. Inadaiwa kazi kwanza.

Amana ya mtoaji

Kamati ilikutana usiku, baada ya Isha, kujadili mifuko iliyobaki. Mmoja wetu alishauri ichomwe moto yaishe. Mzee wetu mmoja alikataa, akatukumbusha maneno ya Sura ya Al-Israa kuhusu wabadhirifu na udugu wao na mashetani. Mwingine akasema jinzi zile zikatwe, zishonwe mikeka ya watoto wa madrasa. Wengi tulilipenda wazo hilo, na tulikuwa karibu kulipitisha, lakini mzee yule akauliza swali moja: "Waliotoa walisema nguo hizi wapewe nani, na wafanyie nini?"

Swali lilikuwa zito. Katika fikihi, anayepokea sadaka kwa niaba ya wahitaji ni wakili, na wakili hana ruhusa ya kuigeuza amana kwa matakwa yake. Nguo zilitolewa ili zivaliwe na mafukara, na madrasa yetu ina watoto wa matajiri na wa maskini pia. Kukata suruali ya sadaka na kuifanya mkeka wa wote ni kubadili kusudio la mtoaji, hata kama mkeka huo una manufaa.

Tulisimama tena Ijumaa iliyofuata. Tuliwaeleza waumini hali halisi bila kumtaja mtu, tukaomba idhini kwamba nguo zisizovalika zitengenezwe au zikatwe kwa manufaa ya madrasa, na kwamba asiyeridhika aje achukue mfuko wake. Watatu walikuja kuchukua. Mmoja wao alirudi baada ya siku mbili na suruali ileile, ikiwa na zipu mpya na kiraka kilichoshonwa kwa ustadi. Hakusema neno, nasi hatukumuuliza.

Kwa nini jinzi?

Msomaji atauliza kwa nini jinzi ndizo zilizobaki nyingi. Sababu ni kwamba kitambaa hiki hakifi chote kwa wakati mmoja. Shati likichakaa huchakaa lote, lakini jinzi hulika magotini, mapajani na makalioni, huku sehemu za chini ya goti na nyuma ya mguu zikiwa bado imara kama siku ya kwanza. Mwenye nyumba huona vigumu kuitupa, na kuivaa hawezi, kwa hiyo hungoja tangazo la msikiti.

Wazee waliita nguo ya namna hii dangirizi, neno ambalo asili yake inafika hadi Dongri, mtaa wa Mumbai uliokuwa ukijulikana kwa kitambaa kigumu cha pamba. Ukiitazama jinzi kwa makini utaona kwamba nyuzi za urefu zimetiwa rangi ya nili na nyuzi za upana zimeachwa nyeupe; ndiyo sababu upande wa ndani huwa mweupe zaidi. Nayo nguo hupauka kila inapofuliwa. Ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko nazo zina historia. Fundi cherehani Jacob Davis wa Reno, huko Marekani, ndiye aliyebuni njia hiyo ili suruali za vibarua zisichanike mifuko, naye pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco walipewa hataza tarehe 20 Mei 1873. Basi jinzi ilizaliwa kuwa nguo ya mtu wa kazi. Wakata magogo na wachuma chai wa huku kwetu wanaoivaa wameirudisha kwa wenyewe.

Nguo hii imeigharimu dunia mengi. Kampuni ya Levi Strauss, katika tathmini iliyoitoa mwaka 2015, ilikadiria kwamba suruali moja hutumia takribani lita 3,781 za maji tangu shamba la pamba hadi mwisho wa kuvaliwa kwake, na sehemu kubwa ya maji hayo huenda kwenye pamba. Muumini anayekatazwa kufanya israfu hata katika maji ya udhu atafakari anapoitupa suruali korongoni.

Tena tusisahau kwamba nyingi ya suruali hizi zimetufikia kwa njia ya mitumba. Nchi yetu inalima pamba huko Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na mwaka 1968 ilifungua kiwanda cha Urafiki Dar es Salaam kwa msaada wa China, kwa matumaini ya kujivika yenyewe. Matumaini hayo hayakutimia kama yalivyokusudiwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuelekea kuachana na mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa unafuu wa ushuru wa mpango wa AGOA, na nchi zote zikarudi nyuma isipokuwa Rwanda, ambayo ilisimamishiwa unafuu wa nguo mwaka 2018. Hayo ni mambo ya wakubwa. Yanayotuhusu sisi ni kwamba nguo iliyochokwa na mtu wa Ulaya au Marekani huvaliwa tena hapa, na ikichakaa hapa haina nchi nyingine ya kwenda. Inaishia mikononi mwetu au kwenye ardhi yetu.

Kwa fundi wa Makambako

Tulipopata idhini ya watoaji tulipakia mifuko kwenye basi dogo tukashuka Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi. Wasiopajua mahali hapo wafahamu kwamba ni njia panda: barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma hukutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni. Palipo na njia panda pana mitumba, na palipo na mitumba pana mafundi wa kupunguza, kurefusha na kutia viraka. Tulimwendea mmoja wao, mzee mwenye cherehani ya kukanyaga, ambaye baadhi yetu tunamfahamu kwa miaka mingi.

Alitazama mifuko, akasema: "Ustadhi, mmeniletea mzigo mmoja, lakini humu mna mizigo mitatu." Akamwaga zote sakafuni, akaanza kuchambua. Fungu la kwanza lilikuwa la kuvaliwa kama zilivyo, nalo lilikuwa dogo. La pili lilikuwa la kutengenezwa: zipu, kifungo, kiraka, pindo. La tatu ndilo la kukatwa. Tulikaa naye siku nzima tukiandika, na haya ndiyo tuliyoyapata, tunawaletea ili kila nyumba inufaike.

Kwanza, fueni kabla ya kukata, kwa maji baridi na peke yake, kwa sababu nili hutoka na kupaka nguo nyingine. Pili, tenganisheni jinzi za pamba tupu na zile zinazovutika, zenye nyuzi za lastiki. Mkizishona pamoja, moja itavutika na nyingine itakataa, na kazi itakunjamana. Kama mna shaka, choma uzi mmoja: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, lakini uzi wa kiwandani huyeyuka na kuwa shanga ngumu.

Tatu, msihangaike kufumua mshono mnene uliokunjwa mara mbili. Kateni kando yake, kisha utunzeni ule ukanda wa mshono, kwani ni kamba bora ya kubebea mkoba. Nne, mfungue mguu wa suruali ya mtu mzima uwe kitambaa bapa. Utapata kipande cha upana wa sentimita 40 hivi, na urefu kwa kadiri ulipokuwa mzima. Suruali tano au sita zinatosha mkeka wa mita mbili kwa moja. Tano, tumieni sindano nene, namba 16 au 18, na uzi mzito, na urefusheni mshono kidogo. Mahali ambapo mishono miwili inapandana, pagongeni kwa nyundo juu ya ubao kabla ya kupapitisha kwenye cherehani. Sindano nyembamba ikikutana na kifundo hicho huvunjika, na kipande chake chaweza kumrukia mshonaji jichoni.

Mkeka wa baridi unahitaji tabaka tatu. Juu ni jinzi, katikati ni blanketi kuukuu, na chini ni mfuko safi wa sandarusi wa kuzuia unyevu. Mfuko huo usiwe uliowahi kubeba mbolea wala dawa ya mimea, nasi watu wa Njombe tunajua jinsi mifuko ya namna hiyo ilivyo mingi majumbani. Vipande vidogo visivyoshoneka vikatwekatwe vijazwe kwenye mito. Mifuko ya nyuma ya suruali ikatwe mizima, kwani ukiishona juu ya mkoba tayari una mahali pa kalamu.

Fundi alipomaliza alitengeneza lile fungu la pili kwa ujira mdogo, akakataa ujira wa suruali moja, akisema hiyo ni yake na Mola wake. Fungu la tatu alitukabidhi turudi nalo. "Hili," alisema, "ni la akina mama wenu. Mkiniachia mimi, mtakuwa na mikeka, lakini hamtakuwa na ujuzi."

Stara na adabu

Kabla hatujaendelea, tujibu maswali matatu ambayo vijana wametuuliza. La kwanza: je, inafaa kuswali na jinzi, nguo iliyobuniwa na wasiokuwa Waislamu? Imethibiti katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alivaa juba la Shamu, na Shamu wakati huo ilikuwa chini ya Warumi. Wanazuoni wamechukua humo kwamba nguo haiharamiki kwa sababu ya mikono iliyoishona. La pili: je, mtumba ni tohara? Asili ya vitu ni tohara mpaka najisi ijulikane, na kufua kunaondoa shaka.

La tatu ndilo zito. Uchi wa mwanamume, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ni baina ya kitovu na magoti. Suruali inayoshuka kiunoni mtu anaposujudu ikamwonyesha mgongo wa chini, au iliyochanwa makusudi juu ya goti kwa kufuata mtindo, inaiweka swala ya kijana hatarini. Badala ya kumgombeza mtoto mlangoni mwa msikiti mbele ya wenzake, mzazi amtilie kiraka nyumbani. Kiraka kiwekwe kwa ndani, rangi ifanane, na mtindo wake utabaki huku stara ikipatikana.

Wala kiraka si aibu. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alitaja kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake, kama imam Ahmad alivyopokea. Tirmidhi naye amepokea wasia kwa Bibi Aisha kwamba asiiache nguo mpaka aitie kiraka. Isnadi yake imezungumzwa na wanazuoni, lakini maana yake inakubaliana na sira nzima. Na wanahistoria wetu husimulia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipokwenda kuipokea Baitul Maqdis alikuwa amevaa nguo yenye viraka, naye ndiye kiongozi wa dola iliyoishinda Roma.

Hata hivyo tofauti iko wazi, nayo isitupite. Umar alivaa kiraka chake mwenyewe. Hakumpa fukara nguo iliyopasuka na kumwambia aige zuhudi yake.

Mikono ya akina mama

Jumamosi moja akina mama wa wanafunzi walikutana katika darasa la madrasa, wakaleta mikasi na cherehani mbili za kuazima. Wao ndio waliotuwekea adabu ambayo sisi wanaume wa kamati hatukuifikiria: kwamba mkoba wa kubebea msahafu na juzuu ushonwe kwa kitambaa cha miguu, na kitambaa cha makalio kiende kwenye mikeka na mito. Hakuna aliyewapinga.

Wanawake wa Kiislamu wa Bengali wamekuwa wakifanya kazi inayofanana na hii tangu zamani. Huchukua sari na nguo kuukuu za nyumbani, huzipanga tabaka juu ya tabaka, na kuzishona kwa mkono, mshono mmoja mmoja, mpaka zinakuwa shuka nzito la kujifunika liitwalo kantha. Karibu nasi zaidi, jijini Nairobi, Mohamed Awale alianzisha kiwanda kidogo kiitwacho Suave ambacho hushona mikoba kwa jinzi na vitambaa vinavyotoka soko la Gikomba. Kwa wengine hiyo imekuwa biashara, na kijana wa Makambako mwenye cherehani na barabara kuu mlangoni pake afikirie jambo hilo kwa makini.

Sisi hatujafika kwenye biashara. Tumepata mikeka minne, mikoba kadhaa, na mito ambayo mwalimu analalamika kwamba watoto wanaigombania. Darasa lina sehemu ambayo mikeka haijafika, na waliochelewa bado wanakaa juu ya saruji. Sindano mbili zilivunjika. Jinzi zinazovutika zimebaki kwenye gunia kwa sababu hatujajua kuzitumia zaidi ya kukata kamba za kufungia mizigo. Wala hatutawaficha kwamba Ijumaa iliyopita tulikuta tena mfuko uliowekwa mlangoni usiku, na ndani yake hamkuwa na nguo hata moja ambayo mwenye mfuko angeweza kumvisha mwanawe.

Lakini safari hii mfuko ule haukupita kimyakimya. Tulikuwa tumemwomba yule mama mjane awe mkaguzi wa nguo zote kabla hazijagawiwa, naye alikubali kwa sharti moja, kwamba asitajiwe jina la mtoaji. Ameweka mafungu matatu, kama ya fundi. Anaishika nguo, anaigeuza nje ndani, anavuta zipu juu na chini mara mbili, kisha anaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Tulipomuuliza anaamuaje, alijibu: "Namfikiria mjukuu wangu anarukuu."

Ndugu wasomaji, hatuna kipimo kizuri kuliko hicho cha kuwaletea. Basi kila nyumba na iwe na mkaguzi wake. Kabla ya kufunga mfuko, baba ashike nguo, mama aitazame kwenye mwanga, na watoto wafundishwe kutia kifungo kabla ya kufundishwa kutoa. Kisichovalika kikatwe, kishonwe, kitumike nyumbani mpaka kiishe. Na katika kila mifuko ya nguo kuukuu, iwemo japo nguo moja ambayo bado tunaipenda, kwani katika Sura ya Aal Imran, aya ya 92, Allah ametufahamisha kwamba hatutaufikia wema mpaka tutoe katika vile tuvipendavyo.

Suruali ile yenye doa la rangi ya mlango tuliirudisha nyumbani. Sasa imo ndani ya mkeka wa tatu, karibu na mlango wa darasa. Sweta tuliyokuwa tumeinunua kwa ajili ya baridi hii ndiyo iliyokwenda kwa mjukuu.

Tunamwomba Allah azipokee sadaka zetu, atusamehe kwa zile tulizozitoa tukiwa tumefumba macho, awavike mafukara wetu stara ya dunia na Akhera, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotunza neema kabla haijaondoka. Amin.

Wabillahi tawfiq.